Doti Inayopumua

Cheptanui binti Kipketer alichukia takataka, na kwake takataka ilikuwa kitu chochote kwenye skrini ambacho jicho halikukihitaji. Mteja akitaka bendera inayopepea, picha ya mwenyekiti akikata utepe na maandishi mekundu yanayokimbia kama yamefukuzwa na mbwa, alimsikiliza kwa adabu zote, akamwitikia "sawa mzee", kisha akarudi ofisini na kufyeka. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mbegu mjini Nakuru, alichogawana na Omolo, fundi wa simu. Upande wa Omolo ulikuwa vumbi, waya na simu zilizopasuliwa matumbo. Upande wa Cheptanui ulikuwa na kompyuta, kikombe na ukuta mweupe, na ole wake aliyeuegemea.

Kazi aliyojivunia kuliko zote ilikuwa tovuti ya ushirika wa maziwa wa kwao, Olenguruone. Baba yake alikuwa dereva wa ushirika huo, na ndiye aliyemtafutia kazi hiyo. Malori yaliteremka na maziwa hadi kiwandani Nakuru, kisha yakapanda kurudi matupu. Simu ya kila dereva ilituma mahali ilipo, na yeyote aliyetaka, awe mkulima anayengoja lori au mke anayengoja mume, aliweza kufungua ukurasa na kuona: ramani nyeupe, barabara moja ya kijivu, na doti ya kijani kwa kila lori. Basi, hakuna kelele. Doti zenyewe alizifanya zivimbe na kunywea polepole, zivimbe na kunywea, kwa sababu doti iliyotulia tuli aliiona kama nzi aliyekufa kwenye kioo.

Hapo mwanzoni, chini ya kila doti palikuwa na mstari mdogo wa maandishi: "Ilionekana mara ya mwisho", kisha mahali na saa. Mama yake ndiye aliyeupiga vita. Alipiga simu asubuhi ile ile tovuti ilipofunguliwa, sauti juu.

"Wewe Cheptanui, baba yako amepotea?"

"Hapana, mama. Kwani?"

"Sasa mbona umemtangaza? 'Ilionekana mara ya mwisho Keringet.' Hayo si ni maneno ya redio? Ya mtu ametafutwa mpaka watu wakachoka?"

Mama alikuwa na haki yake. Aliyekulia karibu na redio ya jikoni anayajua maneno hayo vizuri: alionekana mara ya mwisho akiwa amevaa sweta ya bluu na gambuti, aliye na habari apige ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu. Wake wa madereva wengine walisema vivyo hivyo, wakamwendea mwenyekiti wa ushirika, Kigen, naye mwenyekiti akampigia Cheptanui: "Msichana, toa hayo maneno. Unaita mkosi." Angeweza kutafuta maneno mengine. Angeweza kuacha ile saa peke yake. Lakini alipoufuta mstari mzima na kuona ramani ilivyokaa peupe, alifurahi kabisa, akaiacha hivyo. Watu walimsifu, na mama alimsifu kuliko wote.

Ijumaa hiyo, baada ya kushusha maziwa kiwandani, baba alipanda ngazi za ofisi na chupa ya maziwa lala mkononi na malalamiko mdomoni.

"Hii kitu inajizima," alisema, akampa Omolo simu yake. "Naona moto wa betri uko nusu, mara giza."

Omolo aliibonyeza mgongoni kwa kidole gumba, akakunja uso. "Mzee, betri imevimba kama andazi. Niache nikuchukulie ingine hapo chini. Si mbali."

"Lori limesimama vibaya, watu wa kaunti wataifunga mnyororo. Msichana, wewe unasemaje?"

Cheptanui alikuwa anapanga rangi za tovuti ya kanisa fulani, na macho hayakutoka kwenye skrini. "Izime, uiwashe, baba. Ikikataa tutaiangalia Jumatatu."

"Huyo ndiye daktari wangu," baba alimwambia Omolo, na wote wawili wakacheka.

Omolo alikuwa na mchezo wake. Kila mteja alimuuliza simu ya ndoto yake ingekuwa na kitu gani. Mwanamke mmoja wa Lanet alitaka simu inayopiga mluzi ikilaliwa na mtoto. Jamaa mwingine alitaka simu inayokataa kabisa kumpigia mke wa zamani pale mwenye simu akiwa amelewa. Baba alipoulizwa hakucheka. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akafikiria kweli.

"Mimi nataka ikikufa iwache neno moja," alisema. "Hata 'niko sawa' tu. Halafu sasa ikufe."

Akateremka ngazi. Cheptanui alisikia lori likiunguruma na kuondoka, na wala hakuinuka kuchungulia dirishani.

Saa tisa na robo simu yake ilitetemeka mezani, lakini hakuishika mpaka saa tisa na nusu. Lilikuwa kundi la WhatsApp la watu wa Molo na Olenguruone, kundi la bei za viazi na matangazo ya mazishi, na mtu aliyeitwa Kiarie alikuwa ameandika: "Tanka ya mafuta imeanguka Sachangwan saa hii. Petroli inamwagika mpaka kwa mtaro. Watu washaanza kuchota."

Mtu wa pande zile hahitaji kuelezwa. Cheptanui alikuwa mtoto wa shule ya msingi wakati wa ule moto mkubwa uliowaua watu waliokuwa wakichota mafuta ya tanka hapo hapo, na alichobaki nacho ni mama akifunga madirisha ya nyumba iliyokuwa mbali sana na moto wenyewe, na jirani aliyekwenda na debe la manjano akiimba.

Alifungua ukurasa wake. Doti ya baba ilikuwa Sachangwan.

Ilikuwa pale pale kwenye mteremko, kijani kibichi, ikivimba na kunywea kwa raha zake.

"Omolo," alisema. Sauti ilitoka ndogo mpaka Omolo akaweka chini bisibisi bila kuuliza.

Alipiga simu ya baba. Yule mwanamke wa kampuni ya simu, ambaye hajawahi kuwa na haraka maishani mwake, akamwambia kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Akapiga tena. Hapatikani. Akapiga mara nyingine, kama kwamba kubonyeza kwa nguvu kungesaidia, hata akabonyeza kimakosa namba ya mtu wa gesi.

"Wacha presha," Omolo alisema. "Tuanze na page. Labda imehang."

Hilo lilimsaidia kidogo, kwa sababu ukimpa Cheptanui hitilafu ya kutafuta, anakuwa na mahali pa kuweka akili. Akaufunga ukurasa na kuufungua upya. Doti, Sachangwan. Akaufungua kwa simu yake badala ya kompyuta. Doti, Sachangwan. Akazima mtandao wa ofisi akatumia bando lake. Doti ile ile, pale pale. Kisha akaangalia lori la pili la ushirika, lililokuwa likishuka upande wa Keringet, na doti yake ilikuwa ikisogea vizuri tu kwenye barabara. Ukurasa ulikuwa mzima. Mtandao ulikuwa mzima. Hitilafu ilikuwa kwa simu ya baba, au kwa baba.

"Ni ile betri," Omolo alisema haraka. "Si nilisema? Imejizima. Mzee alipita hapo kitambo, simu ikakufa akipita. Saa hii ako Molo anakunywa chai."

"Alipita saa ngapi?"

"Si page yako inasema?"

Ukurasa haukusema. Cheptanui aliutazama weupe ule mzuri chini ya doti, mahali ambapo palikuwa na saa. Kama doti iliganda kabla ya saa tisa na robo, baba alikuwa amepita salama kabla tanka halijaanguka. Kama iliganda baada ya hapo, baba alikuwa pale pale, na mafuta, na watu, na madebe. Ulikuwa ni ule mstari mmoja mdogo uliohitajika, na ni yeye aliyeufuta kwa mkono wake mwenyewe ili skrini ipendeze.

Simu ikalia. Alidaka kabla haijamaliza mlio wa kwanza, lakini alikuwa mama.

"Cheptanui, unafanya kazi?"

"Ndiyo, mama."

"Nilikuwa naangalia hii kitu yako. Nimeona baba yako amesimama Sachangwan. Huyo ni mahindi anakula. Nilimwambia ananiharibia supper."

Mama hakuwa na habari. Hakuwa kwenye kundi, alisema lina uvumi mwingi. Cheptanui alifungua mdomo, na kitu pekee alichoweza kufikiria ni mama akiwa peke yake jikoni, ng'ombe wakilia wakitaka kukamuliwa, akisikia neno hilo.

"Pengine ni mahindi," alisema.

"Lakini ako sawa. Naona inapumua."

"Inapumua?"

"Hii doti. Si unaonanga vile inapumua? Mimi nikiona inapumua sina wasiwasi. Mungu akubariki kwa hii kitu, mama yangu." Akakata, aende kwa ng'ombe.

Cheptanui alibaki na simu sikioni. Doti ilivimba ikanywea. Ilikuwa mistari michache tu ya maagizo aliyoyaandika mchana mmoja akisikiliza muziki, na ingeendelea kuvimba na kunywea hivyo hivyo hata kama simu ya baba ingekuwa chini ya ziwa, hata kama baba mwenyewe angekuwa majivu.

Saa ya kila doti haikuwa imepotea kabisa. Ilikuwa huko ndani, nyuma ya tovuti, mahali wageni hawafiki. Lakini kuingia huko kulihitaji namba ya siri, na namba hiyo ilitumwa kwa simu ya mwenye tovuti, na mwenye tovuti ni ushirika, na ushirika ni simu ya mwenyekiti Kigen. Cheptanui ndiye aliyepanga iwe hivyo, kwa usalama. Tena aliwakusanya wazee wa kamati ukumbini, akawafundisha kuhusu matapeli mpaka wakaelewa.

Kigen alipokea kukiwa na kelele za maikrofoni nyuma yake. Alikuwa kwenye mkutano wa wazazi.

"Mzee, ni Cheptanui. Kuna namba imeingia kwa simu yako sasa hivi. Tafadhali nisomee."

"Nani?"

"Cheptanui wa Kipketer. Mzee, haraka, baba yangu..." Na hapo akaanza kulia, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kusema neno baba kwa sauti.

"Ehe," alisema Kigen, na sauti yake ikabadilika ikawa baridi. "Baba yako amepata ajali, sindiyo? Na unataka namba. Nyinyi watu mtaacha lini?"

"Mzee, ni mimi kweli!"

"Huyo msichana alitufundisha vizuri sana. Alisema hata yeye mwenyewe akipiga analia, tusimpe. Nenda ukaibe kwingine."

"Usikate! Mzee, usikate, nakuomba. Niulize kitu. Niulize kitu chochote."

Maikrofoni ilipiga kelele huko. Kigen alipumua. Labda kilio kile kilimgusa, au labda alitaka tu kumshika mwizi vizuri.

"Sawa. Kama ni wewe, kuna maneno nilikuambia utoe kwa ile tovuti. Yalikuwa gani?"

Cheptanui aliyajua. Yalikuwa ulimini, lakini hayakutaka kutoka. Alikuwa msichana wa kisasa asiyeamini mikosi, aliyemcheka mama yake waziwazi, na sasa alishika ukingo wa meza na kuona kwamba akiyasema leo, akiyasema na doti ya baba iko pale mbele yake, yatakuwa yametangazwa. Omolo alimtazama. Alimfanyia ishara kwa mkono, sema.

"Alionekana," Cheptanui alisema. "Alionekana mara ya mwisho."

Huko upande wa pili mwenyekiti Kigen aliondoka kwenye kelele za maikrofoni. "Msichana wangu," alisema kwa sauti nyingine kabisa. "Ngoja nivae miwani." Na akamsomea namba, polepole, moja moja.

Ndani ya tovuti hapakuwa na ramani wala rangi, ni mistari ya maandishi tu iliyorundikana. Alitafuta jina la baba kwa kidole juu ya kioo. Alipolipata, aliisoma saa yake, akaisoma tena, akamgeuzia Omolo skrini ili asiwe yeye wa kusema.

Saa tisa na dakika ishirini na mbili.

Tanka lilikuwa limeanguka kabla ya hapo. Baba alikuwa pale.

"Bado inaweza kuwa betri," Omolo alisema, lakini alisema akiangalia sakafu.

Cheptanui alijua haikuwa betri. Baba alikuwa dereva wa zamani, mwenye tabia za dereva wa zamani, na kila akiingia kituo cha mafuta huzima simu kabla ya gari kusimama. Tangu utotoni alimwona akifanya hivyo, hata siku walizokuwa wakienda Nakuru kununua sare, akiwageukia wote ndani ya gari: zimeni simu. Kama baba alizima simu saa tisa na dakika ishirini na mbili, basi alikuwa amesimama ndani ya harufu ya petroli.

Kundi likatetemeka. Kiarie alikuwa ametuma video. Cheptanui hakutaka kuibonyeza, na kidole chake kikaibonyeza.

Ilionyesha tanka limelala ubavu kama ng'ombe mgonjwa, na kitu kinachometameta kikitiririka mtaroni, na watu wengi kuliko alivyofikiria, wanawake kwa wanaume, wenye madebe, sufuria, hata ndoo ya kunyweshea ndama. Walikuwa wakicheka, na hicho ndicho kilichomwogopesha zaidi. Nyuma yao, likiwa limekingamishwa barabara nzima, lilisimama lori jeupe lenye maandishi ya kijani ya ushirika. Mlango wa dereva ulikuwa wazi na ndani hapakuwa na mtu. Kisha sauti ikaingia kutoka pembeni, sauti kavu iliyozoea kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, nayo ilikuwa ikipaza: "Zimeni simu! Wewe kijana, zima hiyo simu!" Picha ikayumba, ikaonyesha anga, ikakatika.

Baada ya hapo kundi lilinyamaza. Watu walioko Nakuru na Molo waliandika kuuliza, kuna nini, imewaka, nani ako hapo, lakini kutoka Sachangwan hakuna aliyejibu. Cheptanui alielewa kwa nini: walikuwa wamezima. Au walikuwa wamezima, au ilikuwa ile sababu nyingine, na kimya cha sababu zote mbili kilifanana. Alikwenda dirishani, akaangalia upande wa magharibi kama kwamba mtu anaweza kuona Sachangwan akiwa Nakuru. Alitafuta moshi. Kila wingu jeusi lilimkata maini. Omolo alimletea maji, akayashika mpaka yakapata joto mkononi. Aliomba, yeye ambaye kanisani huenda na simu ili akague tovuti za watu, na ombi lake halikuwa na mpangilio wowote, lilikuwa neno baba, baba, baba.

Jua lilikuwa limeanza kulegea wakati namba ngeni ilipopiga.

"Cheptanui. Ni mimi. Hii ni simu ya mama wa duka."

Aliketi chini sakafuni, palepale kwenye vumbi la Omolo.

"Imewaka?" aliuliza.

"Haijawaka. Polisi wamekuja, na gari ya zima moto, wanamwaga povu. Watu walikuwa wamekataa kusikia, nikawaambia basi mtanikanyaga kwanza." Baba alikohoa. "Mimi nanuka petroli mpaka masikio. Mbona unalia sasa?"

"Simu yako, baba!"

"Si niliizima? Halafu nikaiwasha vile uliniambia. Imekataa kabisa. Hiyo Jumatatu tutaiangalia." Alikuwa anacheka kidogo. "Sikiza. Nasonga, ukungu unashuka. Na usimwambie mama yako hii maneno. Nitamwambia mwenyewe nikiwa nimeoga."

Alipokata, Cheptanui hakujua acheke au alie, na akafanya vyote. Kisha hasira ikamjia, hasira juu ya ile doti. Ilikuwa bado Sachangwan kwenye skrini, ikivimba na kunywea kwa unafiki wake wote. Akakaa mezani kwa kamasi na machozi, akaandika maagizo mapya: doti isiyo na habari mpya isimame, igeuke kijivu, na chini yake iandikwe saa. Kwa maneno alisita. Mwishowe akaandika "Tulimwona", kisha mahali na saa, kwa herufi kubwa zisizopendeza hata kidogo. Akahifadhi, akapeleka hewani, akaegemea kiti. Kwa mara ya kwanza tangu saa tisa mabega yalishuka.

Hakufikiria ni nani aliyekuwa akiangalia ukurasa ule wakati huo.

Simu ikalia.

"Cheptanui." Sauti ya mama ilikuwa chini sana, kama ya mtu anayeongea karibu na mgonjwa. "Imewacha kupumua."

"Mama, hapana, ngoja..."

"Nilikuwa nimekaa hapa naiangalia. Ilikuwa inapumua. Mara ikawa kama jivu, ikasimama."

"Ni mimi nimeisimamisha! Mama, nisikize. Baba ako sawa. Nimeongea na yeye. Ako njiani anakuja."

"Usinidanganye."

"Sikudanganyi. Alipiga na simu ya mtu." Na kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kueleza, akamwambia yote: tanka, petroli, lori lililokingamishwa barabara, simu iliyozimwa. Mama hakumkatiza hata mara moja. Alisikia kifuniko cha sufuria kikicheza juu ya moto huko jikoni, na hakuna aliyekiondoa.

"Saa tisa," mama alisema hatimaye. "Na mimi nikakupigia, nikakuambia anapumua."

"Ndiyo."

"Na alikuwa wapi?"

"Haikuwa yeye, mama. Ile kupumua ni mapambo. Niliiweka tu ipendeze."

"Na ile siku ya mvua," mama aliuliza, "barabara ya Keringet ikikatika? Niliweka simu kando ya kichwa. Ilikuwa inapumua, nikalala usingizi."

Cheptanui aliikumbuka siku hiyo. Simu ya baba ilikuwa imekufa mpaka asubuhi, na baba mwenyewe alilala ndani ya lori, tope likiwa kwenye milango. Walilicheka jambo hilo baadaye wakinywa chai.

"Hata hiyo siku hatukujua," alisema.

"Hatukujua," mama alirudia. Kisha akaanza kusoma, neno kwa neno, kama anavyosoma Zaburi. "Tulimwona, Sachangwan, saa tisa na dakika ishirini na mbili. Na kutoka hapo?"

"Aliongea na mimi jioni, jua likianza kushuka. Alikuwa anatoka."

"Na kutoka hapo mpaka saa hii?"

Cheptanui aliangalia ile doti ya kijivu na maandishi yake makubwa mabaya. Kila neno lililokuwa pale lilikuwa kweli.

"Hatujui, mama."

"Basi usikate simu," mama alisema.

Hakukata. Mama aliondoa sufuria motoni, akakoroga kitu, akafungua mlango akaangalia nje na kusema kwamba ukungu umefika kwenye ua na haoni hata choo. Cheptanui alisema mm. Omolo alifunga vifaa vyake, akachomeka chaja kwenye simu ya Cheptanui, akaketi tena badala ya kwenda nyumbani. Taa za mjini zikawaka. Kila mara moyo ulipomruka alisikia mama akipumua upande wa pili, mama mwenyewe, kwa kasi na kwa woga, na alijua mama anamsikia yeye.

Kisha mbwa wakabweka huko Olenguruone. Mama hakuaga. Alisikia simu ikiwekwa juu ya meza, kiti kikisukumwa, viatu vikikimbia. Akasubiri, simu imebanwa sikioni hata sikio likauma. Mnyororo wa geti ukagonga chuma. Mbwa wakanyamaza. Na kutoka mbali, katikati ya ukungu, akamsikia baba akimuuliza mama mbona anamwangalia hivyo, kwani amefanya nini.